Taa ya Dharura Gerezani Humwangazia Nani?

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakipita kila siku bila kukitazama. Ni ile taa ya dharura: kisanduku kilichobandikwa juu ya mlango wa benki, wa hospitali au wa ukumbi wa sinema, chenye betri ndani yake, ambacho kazi yake ni kuwaka pale umeme unapozimika. Na nataka tukizungumzie mahali ambapo wachache hupenda kupafikiria, yaani gerezani, rumande, na katika majumba mengine ambamo mtu hufungiwa na ufunguo anao mwingine.

Labda utasema, taa ya dharura na gereza wapi na wapi? Subiri kidogo. Swali langu ni moja tu. Taa ya dharura ilibuniwa ili mtu aione njia ya kutokea. Sasa, ndani ya nyumba ambayo mtu hana ruhusa ya kutoka, taa hiyo humwangazia nani?

Tuanze na historia, kwa sababu taa hizi zina koo mbili, na koo hizo zilichelewa sana kukutana.

Ukoo wa kwanza ni ule wa taa ya gereza yenyewe. Hii haikuanza kwa kumhurumia mfungwa. Mwaka 1791 mwanafalsafa wa Uingereza, Jeremy Bentham, alichapisha maelezo ya gereza alilolipa jina la Panopticon. Jengo lilikuwa la duara, seli zimezunguka ukingoni, na msimamizi amekaa katikati akiona pande zote. Kwa ajili ya usiku, Bentham alipendekeza taa ndogo zitundikwe nje ya madirisha ya chumba cha msimamizi, na nyuma ya kila taa kiwekwe kitu cha kuurudisha mwanga ili uelekee selini. Kwa namna hiyo mfungwa angeonekana usiku kama anavyoonekana mchana. Bentham hakufanikiwa kulijenga gereza lake, lakini wazo lilibaki. Gereza la Pentonville mjini London lilipofunguliwa mwaka 1842, kila seli ilikuwa na taa ya gesi. Mfungwa aliweza kufanya kazi yake jioni, na askari naye aliweza kumchungulia kupitia tundu la mlangoni. Taa ilikuwa jicho la mlinzi.

Huku kwetu Pwani hata neno lenyewe lina historia. Wataalamu wa lugha wanatueleza kwamba "gereza" limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na kule Kilwa Kisiwani ngome kongwe inaitwa Gereza hadi leo. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ilitumika kama gereza tangu 1895 hadi 1958. Kuta zile zilijengwa kuzuia mizinga. Aliyezijenga hakuwa na haja ya kufikiria jinsi mamia ya watu waliofungiwa wangetoka kwa haraka usiku wa giza. Kwa hiyo kumbuka jambo hili tunapoendelea: magereza mengi duniani yamo katika majengo ya zamani, au majengo yaliyokusudiwa kazi nyingine.

Ukoo wa pili wa taa hizi umetoka mbali kabisa na gereza. Umetoka kwenye majumba ya starehe. Jioni ya tarehe 8 Desemba 1881, moto ulizuka nyuma ya jukwaa la Ringtheater mjini Vienna. Taa za gesi zikazimika. Taa za mafuta, ambazo zilitakiwa kuwapo kwa ajili ya saa kama ile, hazikuwa zinawaka. Watu wakapapasana gizani, wakakanyagana kwenye ngazi na ujia, na hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa 384. Miaka 61 baadaye, tarehe 28 Novemba 1942, klabu ya usiku ya Cocoanut Grove mjini Boston iliteketea. Umeme ulizimika watu wakiwa ndani, milango mingine ilikuwa imefungwa, na wakafa watu 492.

Baada ya misiba ya namna hiyo, kanuni ziliandikwa. Nchini Marekani kuna chama cha wataalamu wa kuzuia moto kiitwacho NFPA, kilichoundwa mwaka 1896. Kanuni zake zinataka taa za dharura ziwake zenyewe ndani ya sekunde 10 tangu umeme ukatike, na ziendelee kuwaka kwa dakika 90. Uingereza ilitoa kanuni yake ijulikanayo kama BS 5266 mwaka 1975. Kwa nyumba ambamo watu hulala, huko wamezoea kudai saa 3. Kiwango cha mwanga wenyewe si kikubwa. Waingereza wanadai sakafu ya njia ya kutokea ipate walau laksi 1, na laksi 1 ni sawa na mwanga wa mshumaa mmoja ukiwa umbali wa mita moja. Wamarekani wanadai wastani wa mara kumi na kidogo ya hapo taa zinapoanza kuwaka. Hata hivyo, mshumaa mmoja tu unatosha kumwonyesha mtu ngazi ilipo.

Lakini hebu tazama kwa makini hesabu hizo zimetokana na nani. Zimetokana na mtu aliyelipa kiingilio, ambaye akisikia moto atanyanyuka na kutembea mwenyewe hadi mlangoni. Kwa mtu huyo dakika 90 ni nyingi mno. Ukumbi mzima ungeweza kumwagika nje mara kadhaa kabla betri haijaisha. Mfungwa si mtu huyo. Yeye mwanga ukiwaka ataona kitu kimoja tu kwa uwazi zaidi, nacho ni kufuli.

Hapo ndipo tunapofika Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio. Gereza la Ohio lilikuwa limejengwa tangu miaka ya 1830. Mwaka 1930 lilikuwa na wafungwa wapatao 4,300, ilhali nafasi zake zilikuwa 1,500 hivi. Jioni ya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, wafungwa walikuwa wameshakula na kufungiwa, moto ukazuka kwenye mbao za ujenzi na kushika paa juu ya seli. Seli zile zilifunguliwa moja moja, kwa ufunguo wa mkononi. Muda wa thamani ulipotea katika mabishano juu ya funguo na juu ya nani ana amri ya kufungua. Askari wawili walizipata funguo na kuanza kufungua mlango mmoja baada ya mwingine, hadi moshi na joto vikawashinda. Wafungwa 322 walikufa, wengi wao kwa moshi, wakiwa wameshika nondo za milango yao. Sisi watu wa redio tuna sababu ya pekee ya kuukumbuka usiku ule. Palikuwa na waya wa matangazo ndani ya gereza, na mfungwa mmoja akawasimulia wasikilizaji wa Marekani yaliyokuwa yakitokea mbele ya macho yake.

Miaka 47 ikapita. Jumapili ya tarehe 26 Juni 1977, katika jela ndogo ya wilaya ya Maury, jimbo la Tennessee, ilikuwa siku ya kuwaona wafungwa. Kijana mmoja aliyefungiwa katika chumba chenye kuta za sponji aliwasha moto. Sponji za namna ile zikiungua hutoa moshi mweusi wenye sumu. Askari mwenye funguo alikwenda kufungua, akagongana na wageni waliokuwa wakikimbia nje, na funguo zikamponyoka mkononi. Zilianguka ndani ya moshi. Zilipopatikana, muda ulikuwa umekwisha. Walikufa watu 42, wafungwa pamoja na ndugu zao waliokuja kuwasalimu.

Ndugu msikilizaji, hapa ndipo jibu la swali langu linapoanza kuonekana. Gerezani, taa ya dharura humwangazia kwanza yule mwenye ufunguo. Njia inayotakiwa kuangazwa haianzi kitandani kwa mfungwa kwenda nje. Inaanza ofisi ya zamu zinapotundikwa funguo, inapita kila lango la katikati, inafika kwenye tundu la kufuli la seli ya mwisho kabisa, halafu ndiyo inarudi na watu. Ikiwa taa zimewekwa juu ya lango kuu tu, ambako mkaguzi ataziona kwa urahisi, basi zimewekwa kwa ajili ya mkaguzi.

Mafundi wa majengo walijifunza mambo kadhaa kutokana na misiba hii. La kwanza, moshi hupanda juu, na taa iliyo darini humezwa na moshi kabla ya kitu kingine. Ndiyo maana kanuni za NFPA kwa magereza zinadai kwamba kila ufunguo wa njia ya kutokea uweze kutambulika kwa macho na pia kwa kuguswa. Yaani askari auvute mfukoni gizani, aupapase, ajue huu ni wa lango gani. Ni sharti dogo la chuma na patasi, wala halihitaji fedha za kigeni. La pili, kufuli nyingi ziweze kufunguliwa kwa pamoja kutoka mahali pamoja palipo salama, ili askari asilazimike kupita kila mlango. La tatu, kwa kuwa huwezi kuwafungulia wafungwa wote waende barabarani, jengo ligawanywe kwa kuta na milango ya kuzuia moshi, ili watu wahamishwe kutoka upande unaoungua kwenda upande wa pili, wakiwa bado chini ya ulinzi. Taa sharti ziwake pande zote mbili.

Usidhani kwamba nchi tajiri zimekwisha lipatia dawa jambo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Oktoba 2005, moto uliwaka katika kituo cha kuwazuilia watu kwenye uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi. Wengi waliokuwamo walikuwa wageni waliosubiri kurudishwa makwao. Askari walimtoa mtu kwenye seli iliyoungua, mlango wake ukabaki wazi, na moshi ukajaa katika ujia. Seli nyingine zilipaswa kufunguliwa moja moja kwa mkono. Watu 11 walikufa. Mwaka 2006 bodi ya uchunguzi ya nchi hiyo ilisema kwamba kama vyombo vya serikali vingeutilia maanani usalama wa moto, waliokufa wangekuwa wachache au wasingekuwapo kabisa. Mawaziri wawili walijiuzulu.

Na jirani zetu yamewafika. Gereza la Gitega, mji mkuu wa Burundi, lilikuwa na nafasi za watu 400 na ndani yake wamo zaidi ya 1,500. Agosti 2021 lilishika moto, na umeme ukatajwa kuwa chanzo. Kisha tarehe 7 Desemba mwaka huo huo, kiasi cha saa 10 alfajiri, likaungua tena. Makamu wa Rais, Prosper Bazombanza, alitangaza kwamba waliokufa ni 38 na majeruhi 69. Wizara ya Mambo ya Ndani ikasema ni hitilafu ya umeme. Hapa pana jambo la kuzingatia. Moto unaoanzia kwenye nyaya za umeme una tabia mbaya: unawasha na kuzima kwa wakati mmoja. Unaleta moshi na kuondoa taa. Mahali kama hapo taa ya dharura inayotegemea waya ule ule ni sawa na kutokuwa nayo. Na hata iliyo na betri yake ilipimwa kwa watu 400, wakati wanaotafuta mlango ni karibu mara nne ya idadi hiyo.

Upo pia upungufu wa namna nyingine, usiokuwa na moshi mwingi wala majeneza mengi. Tarehe 27 Januari 2019, hitilafu ya moto katika mitambo ya umeme iliathiri gereza la mahabusu la serikali kuu ya Marekani lililoko Brooklyn, New York. Walikuwamo watu wapatao 1,600, wengi wao wakisubiri kesi. Ulikuwa wakati wa baridi kali. Umeme kamili haukurudi hadi tarehe 3 Februari. Kwa wiki nzima seli nyingi zilikuwa giza, na watu mitaani waliwasikia mahabusu wakigonga madirisha. Mwaka 2023 serikali ilikubali kulipa fidia ya dola milioni 10 hivi. Taa za dharura zilizobuniwa kwa dakika 90 hazina jibu kwa siku saba. Mwenye ukumbi wa sinema umeme ukikatika hurudisha viingilio, watu wakaenda makwao. Mkuu wa gereza hana pa kuwapeleka wageni wake. Kwa hiyo kwake betri ni ya dakika za kwanza tu. Baada ya hapo lazima pawe na jenereta, pawe na mafuta, na pawe na nyaya zinazoufikisha mwanga hadi ndani ya seli. Umoja wa Mataifa, katika kanuni zilizopitishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, unadai mfungwa apate mwanga wa kutosha kusoma na kufanya kazi bila kuumiza macho. Kanuni hiyo haikusema "isipokuwa umeme ukikatika."

Sasa tuje kwenye matunzo, maana hapa ndipo ugonjwa ulipo. Katika kituo kimoja nilichopata kufanya kazi, tulikuwa na jenereta la kusimamia matangazo. Palikuwa na daftari, na kila Jumatatu mtu alitia sahihi kwamba jenereta limekaguliwa. Siku moja umeme ulikatika katikati ya taarifa ya habari. Jenereta likabofywa, likanyamaza. Betri ya kuliwashia ilikuwa imekufa siku nyingi. Tulilifungua daftari na sahihi zote zilikuwamo, hakuna Jumatatu hata moja iliyorukwa. Sisi tulipoteza dakika kumi na mbili za hewani, na wasikilizaji wakatusamehe.

Taa za dharura zinakufa hivyo hivyo, kimyakimya. Betri zake hudumu miaka michache tu, na joto huzipunguzia umri. Nje kisanduku kinang'aa, kile kitaa kidogo kinaonyesha umeme unaingia, lakini ndani hakuna nguvu ya kuwasha hata dakika tano. Ndiyo maana kanuni zinataka zijaribiwe. NFPA wanadai jaribio la sekunde 30 kila mwezi, na mara moja kwa mwaka taa ziachwe ziwake dakika 90 zote. Hakuna njia nyingine ya kujua. Betri haikaguliwi kwa macho. Hukaguliwa kwa kuzima umeme na kushika saa.

Na gerezani jaribio hilo ni gumu kuliko mahali popote. Mkuu gani wa gereza atapenda kuzima umeme usiku akiwa na watu elfu moja ndani? Fundi akiingia lazima asindikizwe na askari, na bisibisi zake zihesabiwe akiingia na akitoka. Taa zenyewe lazima ziwe na mfuniko mgumu usiovunjika na skrubu zisizofunguliwa kwa kijiko, kwa kuwa nyuma ya taa ni mahali pazuri pa kuficha vitu. Basi kila sababu inamshawishi mtu aahirishe. Mwezi huu hatuna askari wa kutosha, mwezi ujao fundi ana safari, na daftari linatiwa sahihi. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gerezani ufa huo hauonekani, kwa sababu umo ndani ya betri.

Najua wapo watakaoniuliza: Bwana, kuna zahanati ambako akina mama hujifungua kwa taa ya chemli, nawe unatuletea habari za taa za wafungwa? Swali hilo ni la haki, na sitalibeza. Zahanati ipewe taa, tena ipewe kwanza. Lakini tusisahau mambo mawili. Zahanati ikikosa taa, mama aweza kubebwa hadi kwa jirani mwenye karabai. Aliyefungiwa hana jirani. Tulipomnyang'anya ufunguo, tulibeba wajibu wa kumfungulia. Na la pili, waliomo si wezi na wauaji peke yao. Wamo mahabusu ambao hakimu hajawaona na hatia yoyote. Yumo askari wa zamu, kijana wa mtu mwenye mke na watoto, ambaye amefungiwa humo humo usiku kucha. Siku ile kule Tennessee walikuwamo hata ndugu waliokuja na salamu. Mahakama ilimhukumu mtu miaka mitatu. Haikumhukumu kufa kwa moshi.

Basi nimalize kwa ombi. Viongozi wetu wanapotembelea magereza, wawe mahakimu, wabunge au watu wa haki za binadamu, tumezoea kuwaona wakionja ugali na maharage na kuulizia magodoro. Ni vizuri. Lakini ningependa safari nyingine waende jioni. Wafike ofisi ya zamu na kumwomba mkuu wa gereza, kwa heshima na kwa makubaliano ya ulinzi, azime swichi ya bweni moja tu. Kisha wasimame na saa mkononi. Waone kama taa zinawaka, na ziko wapi. Wamwombe askari achukue funguo pale zinapotundikwa, aende kwa mwanga huo hadi kwenye mlango wa mwisho, afungue. Wahesabu dakika. Halafu waulize betri zilibadilishwa lini, na wasikubali kuonyeshwa daftari.

Jaribio hilo halihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Linahitaji mtu mwenye saa, na mwenye madaraka ya kuuliza. Tukutane wiki ijayo.